Mtoto wa Mhami Naye Ana Siku Yake: Mwacheni Mama Apike Gato

GOMA – Jumamosi asubuhi, mbele ya nyumba moja ya mbao mtaani Ndosho, mama mmoja wa kutoka Masisi alikuwa amekaa juu ya kigoda, beseni mapajani, akipiga mayai matatu na sukari kwa uma. Siku ile mtoto wake wa kike alikuwa anatimiza miaka sita. Watoto wa jirani walimzunguka, kila mmoja akingoja zamu yake ya kushika uma. Babula ilikuwa imeshawashwa na makala yalianza kuwa mekundu.

Jirani mmoja akapita, akasimama, akatazama. "Kila siku munalia njaa," akasema, "na leo munapika gato? Mayai ni kitu cha kuchezea?" Mwingine akaongeza kwamba watu wa mashirika wakisikia habari hiyo, watafuta jina la mama huyo kwenye orodha ya msaada. Mama hakujibu. Mkono wake uliendelea kupiga mayai. Lakini watoto walinyamaza, na mwenye sikukuu akaanza kuchora chini kwa kidole cha mguu, kama mtu aliyekamatwa na kosa.

Maneno yale hayasemwi Ndosho peke yake. Yanasikika kwenye foleni ya maji, mlangoni pa kanisa, sokoni, na hata redioni wasikilizaji wanapopewa nafasi ya kupiga simu. Mara nyingi yanasemwa na watu wasio na roho mbaya, watu waliofungua milango yao kwa wahami na kugawana nao bugali. Hata hivyo ni maneno mabaya. Yanamhukumu mama kwa kosa ambalo hakulifanya, na yanamfundisha mtoto kuona haya kwa sababu alizaliwa.

Kwanza ifanywe hesabu, kwa kuwa wanaokemea wanaanza na hesabu.

Ndani ya beseni la yule mama mlikuwa na mayai matatu, vijiko sita vikubwa vya sukari, na chumvi kidogo kwenye ncha za vidole. Pembeni, juu ya sahani, kulikuwa na vijiko kumi na moja vya unga wa ngano na ganda la ndimu lililokwanguliwa. Ni hayo tu. Hakukuwa na margarini, wala maziwa, wala levire. Gato hiyo ilikatwa vipande kumi na viwili, na watoto wakala. Ukigawa, kila mtoto alipata robo ya yai na nusu ya kijiko cha sukari. Anayesema kwamba hiyo ni anasa, ahesabu pia sukari anayotia katika chai yake ya asubuhi.

Wengi wanadhani gato ni ile ya dirisha la duka la mikate: ya ghorofa tatu, yenye krimu nyeupe na jina la mtoto lililoandikwa kwa rangi. Kwa hiyo wanaposikia neno gato, wanawaza dola. Hawajui kwamba gato nyepesi, ile ambayo masista walikuwa wakiwafundisha wasichana katika vituo vya akina mama vya parokia, ilitengenezwa kwa ajili ya jiko lisilo na kitu. Kinachoifanya ipande si levire. Ni hewa. Mayai na sukari vikipigwa kwa muda mrefu, vinakamata hewa katika mapovu madogo sana. Moto ukifika, hewa ile inapanuka na kuinua unga. Mayai yanashika umbo, na gato inasimama. Gato ya margarini inataka pesa. Hii inataka mkono usiochoka, na mkono wa mama mhami umezoea kazi.

Wanaokemea hawakutazama vizuri kazi yenyewe. Mama yule aliliweka beseni juu ya sufuria ya maji ya vuguvugu, maji ambayo kidole kinaweza kuyavumilia, kwa sababu mayai yenye joto kidogo yanajaa haraka kuliko mayai ya baridi. Akapiga, akawapa watoto zamu, akapokea tena. Baada ya dakika 20 hivi, yale mayai ya rangi ya manjano yalikuwa yamegeuka karibu meupe, mazito, yamejaa mara tatu. Alipoinua uma, yaliyodondoka yalibaki juu kama utepe, mtu akaweza kuhesabu mpaka tano kabla hayajazama. Hapo ndipo akachekecha unga juu yake, kwa mara tatu, akiuchanganya polepole kutoka chini kwenda juu. Mtoto mmoja alitaka kupiga kwa nguvu, akamzuia: "Sasa hapana, baba. Ukipiga sasa, unafukuza hewa yote tuliyotafuta."

Hakuwa na tanuri. Alichukua sufuria kubwa, akapanga ndani yake vipande vitatu vya makoro, yale mawe ya volkano yaliyojaa Goma nzima, lakini makavu kabisa, maana jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka kwa moto. Akafunika, akaacha sufuria ipate joto kwa dakika 10. Kisha akaweka juu ya mawe yale sufuria ndogo aliyoipaka mafuta kidogo na kuinyunyizia unga, akamimina mchanganyiko, akafunika tena, na juu ya kifuniko akaweka makala machache ya moto ili gato ipate joto la juu na la chini. Babula ilikuwa nje, siyo ndani ya nyumba, kwa sababu hewa ya makala inaua watu wakiwa wamelala. Kwa dakika 20 hakumruhusu mtu yeyote kufunua. Baadaye akachoma gato kwa kijiti chembamba, kikatoka kikavu.

Kuna jambo jingine ambalo mama huyo analijua, na vitabu vingi vya mapishi vilivyotoka Ulaya havilisemi. Goma iko kwenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapa uzito wa hewa ni mdogo, maji yanachemka yakiwa karibu digri 95, na mapovu ndani ya gato yanapanuka kuliko pwani. Gato inapanda mbio, halafu inaanguka katikati kama paa lililokosa nguzo. Kwa hiyo yeye hupunguza sukari, akatia vijiko sita pale ambapo kitabu kinataka saba au zaidi, na haongezi muda wa kupiga mayai akishaona utepe. Hayo ni maarifa. Mtu mwenye maarifa kama hayo hapaswi kusemwa kana kwamba ni mtoto aliyeiba sukari.

Sasa, kama wakemeaji wanatafuta uharibifu wa mali, Goma haukosi. Waende wakaangalie jioni kwenye nganda za mtaa. Kasiye moja ya bia ina chupa kubwa 12, na kuna wanaume wanaoimaliza watatu kabla ya saa nne ya usiku, huku karo ya mtoto na dawa ya bibi vinangoja. Hakuna anayesimama mbele ya meza yao kuuliza kama bia ni kitu cha kuchezea. Bei ya chupa mbili za bia inatosha kununua mayai matatu na sukari yake, na chenji ikarudi. Lakini mlevi anasalimiwa "Mukubwa", na mama wa mayai matatu anaitwa mpotevu.

Waende pia kwenye sherehe zile za kushindana. Wapo wazazi wanaokopa ili wakodi viti, vipaza sauti na gato ya ghorofa, kwa sababu jirani alifanya hivyo mwezi uliopita na picha zikazunguka kwenye simu za mtaa mzima. Mtoto mwenyewe analala kabla gato haijakatwa, na deni linabaki nyumbani miezi mitatu. Hapo kuna kosa, na mama aliyepiga mayai yake kwa uma hana sehemu ndani yake. Yeye ndiye aliyeonyesha njia ya kutoka: siku ya mtoto inaweza kufanyika bila deni.

Wengine hawasemi habari ya pesa. Wanasema kusherehekea siku ya kuzaliwa ni mambo ya wazungu, na kwamba wazee hawakufanya hivyo. Ni kweli kwamba mishumaa na gato vilitoka mbali. Unga wa ngano nao ulitoka mbali, na mkate unaliwa kila asubuhi bila mtu kuulizwa kabila lake. Lakini si kweli kwamba wazee hawakujali kuzaliwa kwa mtoto. Kwa Wanande, jina lenyewe linaonyesha mtoto alikuja wa ngapi: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu. Katika jamaa nyingi za Kivu, majina kama Furaha, Mateso, Bahati na Riziki yanaeleza nyumba ilikuwa katika hali gani siku mtoto alipofika. Wazee walitia alama ya kuzaliwa ndani ya jina ili isipotee. Mama wa leo anatia alama ileile kwa gato. Njia imebadilika, lakini kinacholindwa ni kilekile.

Na kitu hicho kiko hatarini. Hapa ndipo wakemeaji wangepaswa kutega sikio.

Mtoto yule wa Ndosho alizaliwa kijijini, Masisi. Tarehe yake iliandikwa mara moja tu, kwenye fishi ya chanjo ya kituo cha afya. Fishi ile iliteketea pamoja na nyumba. Jamaa ikakimbilia Sake, kisha kambi ya Bulengo. Mwezi wa pili 2025, kambi kubwa zilizozunguka Goma, zikiwemo Bulengo na Lushagala, zilipofungwa, kuna waliorudi vijijini na kuna walioingia katika nyumba za watu mjini. Katika safari zote hizo, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ilibaki mahali pamoja: kichwani mwa mama yake. Mama akipatwa na jambo, tarehe ile inakwenda naye.

Sheria ya Kongo haikutaka iwe hivyo. Sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inampa kila mtoto haki ya kuandikwa kwenye ofisi ya serkali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, bila malipo. Lakini mama anayezaa huku anakimbia risasi atatoka wapi siku ya kwenda ofisini? Na siku 90 zikishapita, karatasi haipatikani tena kwa urahisi. Panatakiwa hukumu ya tribinali, na hiyo ina safari zake na gharama zake. Kwa hiyo watoto wengi wa wahami wanakua bila karatasi yoyote inayosema ni nani na wana umri gani.

Madhara yake yanaonekana masomoni. Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Asiye na karatasi anapimwa kwa macho, au kwa ile njia ya zamani ya kupitisha mkono juu ya kichwa ili kuona kama vidole vinafikia sikio la upande wa pili. Mtoto aliyedumaa kwa njaa vidole vyake havifiki, hata kama ana miaka saba, na anarudishwa nyumbani. Mwingine, mrefu wa umbo, anahesabiwa kuwa mkubwa kuliko alivyo. Kwa mvulana wa miaka 14 katika nchi yenye vita, kuhesabiwa mkubwa ni hatari ambayo kila mzazi wa Masisi na Rutshuru anaielewa bila kuelezwa. Kwa msichana wa miaka 14, ni mlango wa kuolewa kabla ya wakati.

Tena kuna watoto wanaopotezana na wazazi wao njiani. Kila wakimbiaji wanapogawanyika kwenye barabara, wapo wanaofika mjini peke yao. Watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa za watoto kama hao huanza kwa maswali: jina lako nani, mama yako anaitwa nani, kijiji gani, una miaka mingapi? Mtoto anayekumbuka siku yake, kwa sababu kila mwaka siku hiyo mama alipiga mayai na watoto wakaimba, ana jibu moja zaidi la kumrudisha nyumbani.

Gato si karatasi ya serkali, na hakuna tribinali itakayoipokea. Lakini tarehe inayosherehekewa mbele ya majirani kumi ina mashahidi kumi. Siku mama huyo atakapofika mbele ya mwamuzi kuomba hukumu, atahitaji watu wa kusema, "Ndiyo, tunaijua siku ya mtoto huyu." Jirani aliyekemea angeweza kuwa mmoja wao. Alichagua kuwa kitu kingine.

Wapo pia wanaosema kwamba mtoto wa mhami anahitaji chakula na hema, na michezo ingoje amani. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989 juu ya haki za mtoto, ambayo Kongo iliyathibitisha mwaka 1990, hayasemi hivyo. Kifungu cha 31 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na hakiongezi kwamba mhami hahusiki. Wale wanaosema michezo ingoje amani waangalie miaka ambayo Kivu imeingoja. Kuna wazazi leo waliozaliwa wakati wa vita vya mwaka 1996 na bado wanangoja. Utoto haukai foleni. Miaka sita ikipita, haitarudi hata kama mikataba yote itatiwa sahihi.

Ni lazima kusema ukweli kwa upande wa pili pia. Mtoto mwenye bwaki, aliyevimba miguu na uso, au aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, haponi kwa gato. Apelekwe kwenye kituo cha afya siku ileile. Mama asiyekuwa na kitu jikoni asikope ili apike gato, na mtoto asifundishwe kwamba bila gato hapendwi. Mahali pasipo na mayai, kiazi kitamu kilichochomwa na wimbo vinatosha kuitia siku alama. Na mahali watu wanapoishi chini ya bashi za plastiki, mishumaa isiwashwe ndani, kwa maana moto katika makazi ya wahami hauchomi hema moja. Hayo ni mashauri ya haki, na mtu anayempenda jirani yake atayasema kwa sauti ya chini, kando, si mbele ya mtoto.

Lakini kumtisha mama kwamba jina lake litafutwa kwenye orodha kwa sababu ya mayai matatu ni udhalimu. Msaada hautolewi kwa sharti kwamba anayeupokea aonekane mnyonge saa 24. Mhami hakupoteza kila kitu ili sasa apoteze na ruhusa ya kucheka. Kabla ya vita, mama huyo alikuwa na shamba, mbuzi na kuku. Mayai alikuwa akiyaokota asubuhi, hakuyanunua moja moja sokoni. Anapoyapiga leo ndani ya beseni la kuazima, anawakumbusha watoto wake kwamba wao ni watu wa nyumba fulani, wenye desturi zao, na kwamba hali ya leo si jina lao.

Kwa hiyo mwenye hasira aipeleke panapostahili. Aulize kwa nini mtoto wa miaka sita hana karatasi ya kuzaliwa katika nchi ambayo sheria yake inaahidi kumwandika bure. Awaulize wakubwa wa mtaa ni lini ofisi itakuja karibu na wahami ili kuandika watoto waliozaliwa njiani. Awaulize walioshika bunduki, wa upande wowote, ni nani aliyewaruhusu kuchoma nyumba zenye fishi za chanjo ndani yake. Maswali hayo ni magumu kuliko kumsema mama aliyekaa juu ya kigoda, ndiyo maana ni wachache wanaoyauliza.

Na mwenye roho ya kusaidia, kazi yake ni nyepesi. Mtoto wa jirani mhami anapofika siku yake, alete yai moja. Mwingine alete kijiko cha sukari, mwingine makala mawili matatu ya kuongeza kwenye babula. Jamaa tano zikifanya hivyo, gato imepatikana na hakuna aliyeumia. Mwenye kalamu aandike tarehe ile kwenye daftari, pamoja na majina ya waliokuwepo.

Ndosho, gato ilitoka kwenye sufuria saa sita ya mchana. Ilikuwa ya rangi ya kahawia juu, ya manjano ndani, nyepesi kama sponji, imebonyea kidogo upande mmoja. Mama aliikata kwa kisu chembamba, vipande kumi na viwili sawasawa. Kipande cha kwanza alimpa mtoto wake, akamwambia akipeleke kwa yule jirani aliyekemea. Jirani alikuwa amekaa mlangoni pake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho kidogo bila kukila, kisha akamuuliza mtoto ametimiza miaka mingapi.

"Sita," mtoto akajibu, na akataja siku na mwezi, bila kukosea.